Barua Kumi na Nne za Mama Kamau

Juzi Wangari, mtoto wa dada yangu, alikuja kunitembelea hapa Kamenu akitoka Kahawa Wendani anakoishi. Anafanya kazi ya kompyuta, hizo za siku hizi ambazo mtu anaenda kazini bila kutoka kitandani. Akaniambia kwamba wiki hiyo walikuwa wamehamisha imeli za kampuni nzima, za miaka kumi, kutoka seva ya zamani hadi seva mpya. Alisema hivyo huku akipaka siagi kwenye mkate.

"Zote ziliingia?" nikamuuliza.

"Zote, Tata," akasema, maana hivyo ndivyo kwetu anavyoitwa dada ya mama. "Iko tu sawa."

"Ulihesabu?"

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Tata, hiyo kitu inajihesabu yenyewe."

Nikamwongezea chai. Lakini tangu siku hiyo sijatulia, na ndiyo maana nimekaa kuwaandikia nyinyi vijana mnaofanya kazi hizi. Sina digrii, na msinitafutie makosa ya kitaalamu maana mtayapata. Nilichonacho ni miaka mingi ya kukaa mbele ya skrini nikitunza barua za watu, na kosa moja ambalo nikilikumbuka hata leo naacha ninachofanya na kukaa chini.

Kwanza mjue kazi yenyewe ilivyokuwa, maana mkisikia imeli mnafikiria simu mfukoni. Miaka ya tisini ikielekea kuisha, mtu wa kawaida hakuwa na imeli. Alitumia yetu. Bosi wetu alikuwa na ofisi mbili za kupiga taipu na fotokopi, moja Thika mjini na nyingine Ruiru, na ofisi zote mbili zilikuwa na anwani moja tu ya imeli. Mtoto wako akiwa ng'ambo anaandika kwa anwani hiyo, na pale juu, kwenye kichwa cha barua, anaweka jina lako na ofisi yako: Kwa Baba Njuguna, Ruiru. Sisi tunapokea, tunaiweka kwenye folda yako ndani ya kompyuta, halafu tunakungoja uje.

Na haikuwa inaingia tu kama maji ya mfereji. Mara mbili kwa siku, saa sita na saa kumi na moja, modemu ilipiga simu Nairobi, ikalia vile ilivyokuwa inalia, ikatoa tulizoandika na kuleta zilizokuja. Mvua ikinyesha Ruiru laini ilikuwa inakoroma na hakuna kinachopita. Wateja waliokuja siku ya mvua niliwaambia warudi kesho, na wengine waliondoka wakiamini kwamba imeli hulowa.

Nilicheka sana miaka ile, siwezi kukataa. Kuna mzee mmoja, Bwana Gitau, mteja wa Thika, ambaye mara ya kwanza alisaidiwa kuandika barua kwa ndugu yake aliyekuwa Kanada. Modemu ikalia, barua ikaenda, akaonyeshwa kwenye skrini mahali pameandikwa imetumwa. Akavaa miwani, akaangalia vizuri.

"Mbona bado iko hapo?"

"Ni nakala, Mzee. Yenyewe imeenda."

"Barua ikienda, inaenda. Hii bado iko." Akaketi kwenye benchi akasema atangoja mpaka iondoke. Alikaa hapo hadi ofisi ikafungwa.

Aliyenihadithia hayo ni Mzee Hamisi, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi. Yeye alikuwa akisimamia ofisi ya Thika, na mimi nikawekwa ile ya Ruiru. Kabla ya hapo alifanya kazi ya simu za maandishi posta, zile telegramu, kwa muda mrefu sana, na alipostaafu bosi akamchukua kwa sababu alijua mambo ya laini na alikuwa mtu wa kuaminika. Alikuwa mtu wa Majengo, mwenye kofia safi na Kiswahili chake kilichonyooka, si hiki chetu cha kuparamia. Aliniita binti. Nikikosea aliniuliza swali, na swali lake lilikuwa linauma kuliko kugombezwa.

Siku yangu ya kwanza aliniambia mambo mawili. La kwanza, barua ya mtu ni amana. Usiisome kabla mwenyewe hajafika. Akiwa hajui kusoma na anataka umsomee, msomee, halafu ukitoka mlangoni uwe umeisahau. La pili, barua haijahamishwa mpaka iwe imehesabiwa pande zote mbili. "Unahesabu zinapotoka, unahesabu zinapofika," alisema. "Namba zisipolingana, unaacha kila kitu hapo hapo na kutafuta. Hata ikipungua moja. Hiyo moja ni ya mtu."

Nilisema ndiyo Mzee. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa najua kila kitu.

Jambo la tatu tulibishana. Yeye kila folda aliipa majina matatu ya mtu na mahali anapoishi. Mimi Ruiru nikaona hiyo ni kazi ya bure. Halafu kulikuwa na aibu ndani yake. Mara ya kwanza nilipomuuliza mama mmoja mtu mzima jina lake la kuzaliwa, aliniangalia kutoka juu hadi chini, akauliza kama nataka kumwoa. Kwetu mwanamke akishazaa hatumwiti jina lake. Ni Mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mtu mdogo kama mimi kumwita vingine ni kukosa adabu. Basi nikaziita folda hivyo hivyo: Mama Wambui, Mama Njoroge, Baba Njuguna. Adabu ilikuwa nzuri na ilikuwa haraka. Mzee Hamisi alipoona alisema, "Binti, Mama Njoroge wako wangapi hapa Kiambu?" Nikamjibu kwamba hapa Ruiru ni mmoja na ninamjua kwa uso. Ilikuwa kweli. Majina yetu yanarudi kwa sababu watoto wanapewa ya babu na nyanya zao, kila mtu analijua hilo, na mimi nililijua zaidi ya Mzee Hamisi ambaye hakuwa Mkikuyu. Hiyo ndiyo inaniuma.

Sasa mnisikilize kuhusu Mama Kamau.

Alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la kahawa nje kidogo ya Ruiru, na siku yake ya kupumzika ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa mlangoni, amejifunga kitambaa kichwani, ananuka sabuni. Mtoto wake wa kwanza, Kamau, alikuwa amepata nafasi ya kusoma uinjinia India, na aliandika mara moja kwa mwezi, kwa Kikuyu, barua ndefu zenye utani. Mama Kamau hakujua kusoma. Nilimsomea.

Siku za mwanzo nilimwambia nitamchapia karatasi akae nazo nyumbani.

"Karatasi ya nini?" akasema. "Haina mdomo. Ikae hapo ndani, nikija utanisomea."

Basi zikakaa ndani. Kila akija nilisoma mpya kama ipo, na kama haipo nilirudia za zamani, maana alizipenda zote. Kulikuwa na moja aliyoeleza jinsi alivyonunua viatu vya namba ndogo kwa kuona haya kumwambia mwenye duka kwamba miguu yake ni mikubwa. Mama Kamau alicheka hiyo kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. "Hiyo miguu ni ya baba yake," alikuwa anasema.

Zilifika kumi na tatu. Ya kumi na nne ilikuwa na jina lake pale juu kama zile zingine, na mimi, kwa vile sisomi barua ya mtu kabla hajafika, niliifungua Alhamisi akiwa ameketi karibu yangu. Ilikuwa kwa Kiingereza. Nikaanza kumtafsiria huku nikisoma. Iliandikwa na kijana aliyekuwa akiishi na Kamau chumba kimoja. Nilifika mstari wa tatu ndipo nikaelewa, na mdomo wangu ulikuwa umeshasema. Kamau alikuwa amegongwa na lori akiwa kwa pikipiki.

Alizikwa huko huko. Pesa za kumleta hazikupatikana. Mama Kamau alikaa bila kuja kwa mwezi na zaidi, halafu Alhamisi moja akaja, akaketi pale pale. "Wairimu, nisomee," akasema. "Kaburi sina. Nina hizo." Nikasoma kumi na tatu zote. Ya kumi na nne hakuwahi kuniomba tena.

Ilikuwa mwaka uliofuata ndipo bosi akanunua kompyuta kubwa ya kuweka Thika, ya kushika barua za ofisi zote mbili. Leo mngeiita seva. Sisi tuliiita ile kubwa. Za Ruiru zingepelekwa huko, na mimi ningezisoma kwa laini ya simu kutoka Ruiru. Barua za zamani zote ilibidi zihamishwe, na hakuna programu ya kuhamisha, ni disketi na mikono yako.

Mzee Hamisi alipanga kila kitu kwa utaratibu wake wa posta. Siku mbili kabla, modemu isipokee chochote, ili barua zisiingie huku tunabeba. Kwanza tujaribu folda moja tu tuone kama inafunguka kule. Akajaribu ya Bwana Gitau, na ni vizuri alijaribu, maana barua zilifika zikiwa zimeandikwa tarehe ya siku hiyo badala ya tarehe zake. Ilimchukua nusu siku kurekebisha. Kisha sheria yake: barua iwe mahali patatu wakati wa kuhama, yaani kompyuta ya zamani, disketi, na ile kubwa. Na usifute popote mpaka umefungua barua ya mwisho ya kila mteja na kuona mstari wake wa mwisho. "Mstari mmoja tu," akasema, "wa kujua kwamba imefika nzima. Mengine si yako."

Hiyo sheria ni nzuri. Ibebeni. Hata leo na mashine zenu zinazojihesabu, ibebeni.

Siku ya kuhama ilikuwa Ijumaa. Nilinakili za Ruiru kwenye disketi, nikazihesabu, zikawa mia tatu na kumi na mbili, nikaandika kwenye daftari. Halafu, kabla ya kutoka, nikafuta kompyuta ya Ruiru. Diski yake ilikuwa imejaa na Jumamosi kulikuwa na kazi kubwa ya kupiga chapa. Nikajiambia kwamba disketi ninazo mkononi, zitaenda wapi? Nikazifunga kwa leso, nikaziweka kwenye kiondo, nikaenda Thika.

Tulianza na zangu. Zikaingia vizuri. Kisha zikafuata za Thika, ambazo Mzee Hamisi alikuwa amehesabu mia tano na arobaini. Adhana ikaita katikati, akasimama kwenda msikitini.

"Endelea, binti. Lakini usifute chochote mpaka nirudi."

Nikaendelea. Mashine ikasimama na kuuliza: barua ya kwanza ya Bwana Gitau tayari ipo, niifunike kwa hii mpya? Ndiyo, hapana, au zote? Nikajua ni ile folda tuliyojaribu nayo. Ina barua nyingi, na sikutaka kuulizwa kwa kila moja. Nikabonyeza zote.

Sasa, nyinyi mnaoelewa mambo haya mmeshaona. Nilipobonyeza zote, haikuwa zote za Bwana Gitau. Ilikuwa zote, kila mahali, bila kuniuliza tena. Na kule Thika kulikuwa na mteja, mwalimu mstaafu, ambaye mtoto wake wa kwanza alikuwa akifanya kazi hotelini Dubai. Huyo mtoto aliitwa Kamau. Kabla Mzee Hamisi hajaanza mtindo wake wa majina matatu, folda za zamani za Thika zilikuwa za aliyemtangulia, na huyo naye alikuwa na adabu kama yangu. Folda ya mwalimu iliitwa Mama Kamau. Ndani yake barua zilikuwa na namba, ya kwanza moja, ya pili mbili, kama zangu. Zilikuwa ishirini. Zikalala juu ya zile kumi na nne, moja juu ya moja, na kuzifuta.

Mimi sikuona kitu. Nilihesabu, hilo nilifanya. Zilitakiwa kuwa mia nane hamsini na mbili. Nikapata mia nane thelathini na nane. Nikahesabu tena, nikapata hiyo hiyo.

Saa hiyo ndiyo ninayoiota. Nilikuwa na disketi mezani, zote, nzima. Ningekaa nikamngoja mtu mmoja arudi kutoka kusali. Lakini saa kumi nilikuwa na mkutano wa kamati ya harusi ya rafiki yangu kule Githurai 45, na mimi ndiye mwandishi wa kamati, na nilikuwa nimenunua blauzi. Nikajiambia kwamba pengine nilihesabu rasimu nikifikiri ni barua. Nikafungua folda tatu, zikafunguka vizuri. Nikaandika kwenye daftari mia nane hamsini na mbili. Kisha nikafuta disketi zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu za kazi ya Jumamosi zilikuwa hazitoshi.

Mzee Hamisi akarudi. "Imetimia?"

"Imetimia."

Akaangalia daftari, akaangalia uso wangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Blauzi ilikuwa ya maua ya njano. Nilisifiwa sana Githurai.

Alhamisi Mama Kamau akaja. Nikafungua folda yake, nikausoma mstari wa kwanza kwa macho kabla ya kufungua mdomo: Mum, nimehamishiwa jikoni kubwa na mshahara umeongezwa. Nikafungua ya pili, ya tatu, zote Dubai.

"Mashine ina nini?" akauliza.

"Inachelewa kidogo, Mama."

Akangoja, mikono yake mapajani. Ningemwambia hapo. Badala yake nikainua macho kwenye skrini iliyojaa habari za Dubai na nikaanza kumsomea barua za Kamau kutoka kichwani. Nilikuwa nimezisoma mara nyingi hata nilidhani ninazijua. Ile ya viatu niliijua. Ya mwenye nyumba anayefuga kasuku niliijua. Kwenye ya tatu, mahali anapouliza kuhusu kuku wa nyumbani, nikasahau kinachofuata. Mdomo wangu ukaenda wenyewe, nikasema: "Mama, asubuhi huku, kabla sijafungua macho, nakusikia ukiita kuku."

Mama Kamau akafumba macho.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Hapo sikuwa nimepasikia vizuri siku zile zingine," akasema.

Jioni hiyo hiyo nilipiga simu Thika, nikamweleza Mzee Hamisi kwamba barua zimefutika, zote za mtu mmoja. Kuhusu kusoma kutoka kichwani sikusema. Swali lake likaja, kama kawaida: "Na ile namba uliyoandika?" Nikalia kwenye simu. Hakunigombeza, na hakunifukuzisha kazi, ingawa angeweza. Alitafuta wiki nzima kwenye ile mashine kubwa kama kuna chochote kimebaki chini, akaniambia hakuna. Alisema niende nimwambie mama wa watu. Na tangu siku hiyo hakuniuliza tena kama hesabu imetimia. Alihesabu mwenyewe.

Nilikusudia kumwambia Alhamisi iliyofuata. Akaja, akaketi, akasema, "Anza na ile ya kuku." Nikaanza na ile ya kuku.

Niliendelea hivyo kutoka mvua za masika mpaka karibu na Krismasi. Kila Alhamisi. Nilikuwa nazoea, na nyinyi mjue kwamba mtu anazoea chochote. Pengine ningeendelea mpaka leo, lakini Mama Kamau alizeeka miguu, akaacha kazi ya kahawa, na binti yake Njeri aliyeolewa Nyahururu akataka wakae pamoja. Akaja siku ambayo haikuwa Alhamisi. "Sasa nichapie hizo karatasi," akasema. "Njeri ana mdomo, atanisomea."

Nikamwambia arudi kesho. Nikajifungia, nikaanza kuziandika kutoka kichwani nizichape kana kwamba ni zenyewe. Nilimaliza mbili. Ya tatu nikashindwa, kwa sababu sikujua tena lipi ni lake na lipi ni langu. Nilikuwa nimejaza mashimo mengi mno.

Alipokuja nilimwambia. Nilimwambia nimezifuta, kwamba ni haraka yangu, kwamba mwalimu wa Thika ana jina kama lake, kwamba tangu masika nilikuwa nikisoma skrini ya mtu mwingine. Nilitarajia atanilaani, na nilikuwa tayari kulaaniwa. Aliangalia kompyuta kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia nyumba aliyoambiwa hakuna mtu ndani.

"Kwa hivyo zilikuwa kichwani mwako," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Hata mimi ninazo kichwani. Washa hiyo mashine, muiritu. Andika."

Aliniita msichana, kwa Kikuyu chetu, akakaa sawa, akaanza. Barua ya kwanza, ya pili, salamu kwa salamu, na majina ya watu wa kusalimiwa kwa mpangilio wake. Aliniweka sawa mahali nilipokuwa nimeruka. Viatu vilikuwa vya kahawia, si vyeusi. Kasuku alikuwa wa dada wa mwenye nyumba. Nilichapa na machozi yakidondoka kwenye herufi, na nilifikiria: Mungu ni mwema, hazikupotea, zilikuwa mahali pa tatu wakati wote.

Tukafika ya tatu. Akasema kuhusu kuku, halafu akasema pole pole, akiyaweka maneno moja moja: "Mama, asubuhi huku, kabla sijafungua macho, nakusikia ukiita kuku."

Vidole vyangu vikasimama.

"Andika," akasema. "Hiyo ndiyo yeye mwenyewe."

Nilikuwa nimetoka kukiri. Mlango ulikuwa wazi bado, sentensi moja tu ingetosha. Nikaandika. Tulimaliza kumi na tatu, na nilipomuuliza ile ya kumi na nne alisema hiyo niiache ilipo. Nikachapa nakala tatu, kama Mzee Hamisi alivyonifundisha, nikamfungia kwa karatasi ya nailoni isilowe. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Alinishukuru, mnasikia?

Sikumwona tena akiwa hai. Mzee Hamisi alitangulia, na Mama Kamau akafuata miaka kadhaa baadaye. Njeri alinitafuta kwa simu, nikaenda mazishi Nyahururu. Mchungaji akasema marehemu aliomba asomewe maneno ya mwanawe, sehemu moja tu, aliyoipenda kuliko zote. Akakunjua karatasi yangu, naifahamu, herufi ya e ilikuwa na kasoro, akasoma. Watu wakalia. Wajukuu walikuwa wanaisema pamoja naye, kwa sauti ndogo, wameijua kwa moyo. Nilikuwa benchi la tatu nimeinamisha kichwa, na mama mmoja akanipapasa mgongo akidhani ni huzuni.

Wangari nilimsimulia haya yote juzi. Aliacha kula mkate. "Lakini Tata, si ilimfariji? Ungeacha tu hivyo."

Labda. Nimejiambia hivyo miaka mingi. Ila nikiwa nimelala hesabu hunijia. Kijana alimwandikia mama yake barua kumi na tatu duniani, si zaidi, na mimi nilipewa nizitunze. Kama ningengoja mtu mmoja amalize kusali, zingekuwa zake zote.

Kwa hivyo vijana, hesabuni. Namba ikikataa, kaeni hapo, harusi itangoja. Na mkiharibu, semeni siku hiyo hiyo, kabla mdomo haujaanza kujaza mashimo.

Na wewe Njeri, kama hii itakufikia huko Nyahururu: mstari wa kuku ni wangu. Si wa kaka yako. Kwenye zile karatasi, ninaoujua kuwa ni wangu ni huo mmoja.